Mali Bila Daftari: Nani Anawajibika kwa Taarifa za Chuo Kikuu?

Vyuo vyetu vikuu vinajua kutunza viti. Kila kiti kina namba iliyopakwa rangi mgongoni, kila meza imeandikwa katika daftari la mali, na kila mwaka wa fedha unapofungwa wakaguzi hupita vyumbani kuhesabu. Kiti kikipotea, yupo afisa ambaye sharti aeleze kimekwenda wapi. Lakini alama za mwanafunzi zikipotea, au namba za simu za wanafunzi elfu moja zikiingia mikononi mwa mtu asiyehusika, hakuna ajuaye kwa hakika nani aulizwe. Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tunalo, tulichoshindwa ni kukubali kwamba taarifa nazo ni mali, tena mali ya amana.

Ndugu msomaji, tafakari safari ya mwanafunzi mmoja. Kabla hajaketi darasani, chuo kinajua namba yake ya mtihani wa kidato cha sita, majina ya wazazi wake na wilaya anakotoka. Akiugua, zahanati ya chuo huandika ugonjwa wake. Akichelewa kulipa ada, ofisi ya fedha huandika deni lake. Akifikishwa mbele ya kamati ya nidhamu, kumbukumbu hubaki. Kwa miaka mitatu au minne chuo hukusanya habari zake ambazo hata mama yake mzazi hazijui zote. Naye huzitoa bila kusita, kwa kuwa fomu imemtaka.

Miaka michache iliyopita alinijia kijana aliyekwisha kuhitimu. Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa ajira na alihitaji nakala ya matokeo yake, lakini somo moja la mwaka wa pili lilikuwa tupu. Ofisi ya taaluma ilimwambia aende idarani, kwa kuwa idara ndiyo inayoingiza alama. Idara ilimwelekeza kitengo cha TEHAMA, kwa kuwa mfumo ulibadilishwa mwaka ule. Watu wa TEHAMA walimjibu, nao walisema kweli, kwamba wao hutunza kilichoingizwa, kisichoingizwa hawakijui. Mwalimu wa somo lile alikuwa wa muda, mkataba wake ulikwisha, na alama zilibaki katika kompyuta yake binafsi, ambayo kwa maelezo yake iliibwa. Nilizunguka na kijana yule ofisi hizo kwa siku tatu. Hatukukutana na mkorofi hata mmoja. Kila mtu alieleza kwa adabu kwa nini jambo lile halikuwa lake.

Hatimaye alama zilipatikana katika kaunta buku la katibu muhtasi wa idara, mama aliyekaribia kustaafu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akinakili kwa mkono karatasi za matokeo kabla hazijapelekwa kwenye bodi ya mitihani. Hakuna aliyemwagiza. Nilipomuuliza sababu, alinijibu: “Niliona zinapotea, Dokta.” Kijana alipata nakala yake, lakini siku ya usaili ilikuwa imekwisha kupita.

Wenzangu kadhaa walimsifu mama yule, na alistahili. Hata hivyo, taasisi inayookolewa na wema wa mtu mmoja haina utaratibu, ina bahati. Kaunta buku lilelile lilikaa juu ya kabati lisilo na kufuli, na yeyote aliyeingia kuomba muhuri angeweza kulifungua na kusoma alama za darasa zima.

Tatizo letu kubwa ni kudhani kwamba data ni jambo la mitambo, na kwa hiyo ni la watu wa mitambo. Mlinzi wa ghala si mwenye mazao. Kitengo cha TEHAMA kina wajibu wa kulinda mfumo, kuhifadhi nakala za akiba na kuzuia wavamizi. Lakini hakiwezi kuamua alama ipi ni sahihi, nani anastahili kuiona, na kumbukumbu ya nidhamu ifutwe baada ya miaka mingapi. Hayo ni maamuzi ya taaluma na ya utawala, na hayawezi kukabidhiwa kwa fundi.

Kwa maoni yangu, wajibu unapaswa kugawanywa hivi. Kwanza, Baraza la Chuo liidhinishe sera, na Makamu Mkuu wa Chuo awajibike kwa utekelezaji wake. Pili, kila aina ya taarifa iwe na ofisi moja inayoijibia: matokeo yawe ya mkuu wa taaluma, madeni yawe ya mkuu wa fedha, afya iwe ya mganga wa zahanati. Tatu, TEHAMA iwe mtunzaji, kwa masharti ya maandishi. Nne, sisi wahadhiri tuwe watumiaji wenye mipaka: alama zisikae katika flashi zetu, wala orodha ya matokeo yenye majina isirushwe katika kundi la WhatsApp la darasa. Nimewahi kumsikiliza binti ambaye mjomba wake kijijini alijua kwamba amefeli kabla yeye mwenyewe hajajua.

Sheria haituachi tena tujifiche. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inatambua haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa wajisajili kwenye Tume na wateue afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi. Inasisitiza kwamba taarifa iliyokusanywa kwa lengo moja isigeuzwe kuwa ya lengo jingine. Jirani zetu wa Kenya, wenye sheria ya mwaka 2019, wamekwisha kuonja makali yake: mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Lakini kuteua afisa na kumpa cheo bila mamlaka ni kubandika bango. Jaribio la kweli huja kwa simu. Msimu wa uchaguzi mgombea hutafuta namba za wanafunzi. Kampuni hutaka orodha ya wahitimu iwauzie bidhaa. Kigogo huomba aletewe majina ya waliohudhuria mkutano fulani, “kwa matumizi ya ofisi tu”. Karani anayepokea simu hiyo anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Pasipo mtu aliyepewa wajibu kwa maandishi, hakuna mwenye nguvu ya kusema: “Leta barua, taja kifungu cha sheria, na jibu utalipata kwa maandishi.” Hapa ndipo suala hili linapoacha kuwa la kiofisi na kuwa la kisiasa. Asiyejulikana kuwa anawajibika hawezi kulaumiwa, lakini pia hawezi kukataa.

Utafiti nao usisahauliwe. Tunakwenda vijijini, tunawaahidi wananchi kwamba majina yao hayatatajwa, wanatueleza habari za ndoa, ardhi na maradhi yao. Mradi unakwisha, na sauti zao hubaki katika kompyuta za wasaidizi waliokwisha kutawanyika, huku hojaji zikirundikwa kwenye korido. Ahadi tuliyoitoa kwa jina la chuo haina mwenyewe chuoni.

Kwa mtumishi wa umma anayesoma haya, nakuomba uangalie mezani pako: faili hizo ni za nani, na nani alikuambia hivyo kwa maandishi? Kwa mwanaharakati, usidai tu uwazi wa serikali. Dai pia faragha ya raia, kwa maana uwazi ni wa mwenye madaraka na faragha ni ya asiye nayo. Na kwako mwanafunzi, siku utakapopewa fomu nyingine ya kujaza, uliza maswali matatu: taarifa hizi ni za nini, zitakaa wapi, na nikitaka kuzisahihisha nimwone nani? Ukijibiwa “nenda ofisi ile”, omba jina la mhusika.