Remmy Alinisemea

Jamani, kuna neno likikukwama kooni hata maji hayalishushi. Langu lilikuwa "twende tukapime."

Mwaka 2004 mchumba wangu alitoka Dar kwa treni kuja Ujiji kujitambulisha nyumbani. Wazee wakampokea vizuri, mahari ikazungumzwa. Lakini mimi kila nikitaka kumwambia lile neno, naishia kumwuliza kama ameshiba!

Jioni moja tulikaa Kibirizi, tukiangalia wavuvi wa dagaa wakiwasha karabai. Kwenye kibanda cha mama lishe kaseti ya Remmy Ongala ikaanza kulia.

"Huyu si wa kwetu Sinza?" akasema mchumba wangu.

Nikamcheka. Sinza kuna kituo cha daladala kwa jina lake, sawa, lakini Remmy alizaliwa Kindu mwaka 1947, huko Maniema walikotoka babu zetu wengi wa Ujiji. Dar alifika 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akahamia Matimila. Mwaka 1989 Real World, kampuni ya Peter Gabriel wa Uingereza, ikamtolea albamu. Marafiki wa baba walikuwa wakisema Wamarekani wana B.B. King, sisi tuna Remmy: ukiwa huna hela, umefiwa au umeachwa, gitaa lake linajua.

Mara ukaingia "Mambo kwa Soksi". Wimbo huo wa kondomu Redio Tanzania ilikataa kuupiga, kwa hiyo watu wakausikia kwenye kaseti na madansini. Yeye alisema hadharani wakati wengi tulizika ndugu zetu tukinong'ona.

Mchumba wangu akanyamaza. Nami nikasema harakaharaka, kabla moyo haujarudi nyuma: "Twende tukapime."

Akashusha pumzi. "Nilikuwa naogopa utadhani sikuamini."

Kumbe wote wawili! Jumatatu tulikwenda. Majibu ni yetu, ila ndoa ilifungwa tukiwa tunajuana.

Uzeeni Remmy alikata rasta zake akageukia nyimbo za injili. Alifariki Dar tarehe 13 Desemba 2010. Siku hiyo mume wangu aliongeza sauti ya redio, tukakaa kimya mpaka chai ikapoa.

Wewe unayesoma hapa, kama lako bado limekwama, usisubiri kaseti ya mama lishe. Mwambie leo.