Jinsi Nilivyojifunza Kumtaja Mtu Mkuu kwa Kifaransa

Mwalimu azoea kuwafundisha wengine hata akasahau ya kuwa ulimi wake mwenyewe waweza kuwa mzito kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Mimi nilikumbushwa jambo hilo nilipojifunza Kifaransa hapa Mukendo, mjini Musoma, hali nimekwisha kuota mvi. Nataka kuwasimulia nilivyojifunza, na kosa nililofanya, ili mwingine apate faida pasipo kupata aibu.

Sababu yenyewe ni hii. Jirani yangu ana motokaa ya kuchukua wageni. Huwapeleka kwanza Butiama kulizuru kaburi la Mwalimu Nyerere, kisha hupita Bunda na kuwafikisha kwenye lango la Ndabaka, waingie Serengeti kutazama wanyama. Wageni wengine hutoka Ufaransa na Ubelgiji, wala hawajui Kiingereza sana. Basi jirani akaniambia, “Mwalimu, wewe ni mtu wa vitabu. Jifunze maneno ya kutosha, tufuatane.” Nami nilikubali upesi, kwa kuwa nilifikiri ya kuwa maneno ya kutosha ni maneno machache.

Mwalimu wangu alikuwa mama mmoja wa Bukavu auzaye vitenge sokoni. Yeye alisoma shule kwao kwa Kifaransa, tena asema Kiswahili cha Kongo. Kila jioni, baada ya kufunga biashara yake, nilikaa juu ya sanduku tupu na daftari langu magotini, naye akinisikiliza. Watoto niwafundishao walipita, wakasimama, wakacheka kuniona nikirudishwa nyuma kwa kutamka vibaya. Sikuwakemea. Kuuliza si ujinga, na ni vema watoto wamwone mwalimu wao akiuliza.

Daftari nililigawa mafungu mawili. Upande wa kulia niliandika maneno ya safari. “Bateau” ni chombo cha majini, “valise” ni sanduku la msafiri, “billet” ni tikiti, na “aller-retour” ni kwenda na kurudi. Hapo palikuwa na mitego. Neno “car”, ambalo kwa Waingereza ni motokaa, kwa Wafaransa ni basi kubwa la abiria. Motokaa wao huiita “voiture”. Hata majina ya nchi yana adabu yake: mtu huenda “en Tanzanie”, lakini huenda “au Kenya” na “au Rwanda”, kwa maana nchi nazo zina jinsi ya kike na ya kiume. Nililalamika. Yule mama akanijibu, “Mwalimu, ninyi mwasema mtu mzuri, kiti kizuri, nyumba nzuri, wala hamwoni taabu. Wao wana mafungu mawili tu, nawe walia?” Nikanyamaza.

Neno moja la safari lilinifurahisha kuliko yote. Safari kwao ni “voyage”, na asili yake ni neno la Kilatini “viaticum”, yaani masurufu ya njiani. Ndilo jina ambalo Kanisa huitia Komunyo apewayo mtu aliye karibu kufa. Basi Mfaransa akisema “bon voyage”, ndani ya maneno yake mna chakula cha msafiri, ingawa mwenyewe amekwisha kukisahau. Na neno letu “safari” wamelichukua, ila wamelipunguza. Kwetu, mtu aendaye Bunda kumwuguza dada yake yu safarini. Kwao “un safari” ni kwenda kutazama au kuwinda wanyama wa porini. Siku moja nilimwambia mgeni ya kuwa mwezi uliopita nilifanya “un safari” kwenda Mwanza, naye akaniuliza niliona simba wangapi.

Upande wa kushoto wa daftari niliandika maneno ya kuwataja watu mashuhuri: “célèbre” ni mwenye kujulikana sana, “célébrité” ni mtu wa namna hiyo, “admirateur” ni mwenye kumpenda na kumsifu, “étoile” ni nyota, na “vedette” ni mtu ambaye macho ya wote yanamwelekea. Nilistaajabu kuona ya kuwa “vedette” na “célébrité” ni maneno ya kike hata ikiwa mtajwa ni mwanamume mwenye ndevu. Neno “vedette” nililipenda kwa mlio wake, nikaliweka tayari kwa siku ya Butiama.

Hata siku ikafika. Tulipita Mwisenge, nikawaonyesha wageni shule aliyoingia Julius Nyerere mwaka 1934, mtoto wa miaka 12, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Mambo yalikwenda vizuri. Tukaenda mwendo wa kama kilometa 40, tukafika Butiama, tukapanda Mwitongo kwenye makao yao, tukasimama mbele ya kaburi. Nikajikohoza, nikasema kwa sauti ya darasani, “Nyerere était une grande vedette.”

Wageni wakatazamana. Kijana mmoja akageuza uso asicheke mbele yangu. Bibi mmoja mzee akaniuliza kwa upole, tena polepole nipate kumfahamu, “Alikuwa akiimba, bwana?”

Nikajua nimekosa, lakini sikujua nimekosa wapi. Maneno mengine yote yakanitoka kichwani. Nilibaki kuonyesha kwa kidole, kama bubu. Niliporudi nyumbani sikula vizuri. Aibu yangu mwenyewe ilikuwa ndogo. Lililoniumiza ni kwamba nimesimama mbele ya kaburi la mtu wa kwetu, nikamtangaza kwa wageni kama mcheza ngoma, nao wamekwenda zao na neno hilo.

Kesho yake yule mama wa Bukavu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Kisha akanieleza. “Vedette” ni mwimbaji, au mcheza sinema, au mcheza mpira. Tena ni mashua ndogo yenye mbio, kama zile za askari wa majini. Na zamani neno lilikuwa jina la askari mlinzi awekwaye mahali pa juu. Akasema, “Uliandika maneno kama mtu ahesabuye shilingi. Maneno hayahesabiwi tu, Mwalimu, hupimwa uzito.”

Shauri lake likanikumbusha jambo nililopaswa kulijua tangu mwanzo. Mtu yule aliyelala Mwitongo alikuwa mpimaji wa maneno. Alitafsiri michezo ya Shakespeare kwa Kiswahili, wa Julius Caesar mwaka 1963, na wa mfanya biashara wa Venisi mwaka 1969. Huo wa pili hakuuita Mfanya Biashara. Aliuita Mabepari wa Venisi. Aliacha neno lililo karibu, akachagua neno lenye uzito alioutaka. Nami nilikuwa nimechukua neno lililo karibu kwa sababu ya mlio wake!

Nikaufikiri pia ugumu wa Padre Charles Sacleux, Mfaransa, aliyeshika njia hii hii kutoka upande wa pili. Kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilitoka mwaka 1891, na ile ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka mwaka 1939. Kati yake ni miaka 48. Mimi nilitaka kumaliza kwa majuma sita.

Basi nikaanza upya. Nililifuta fungu la kushoto, la maneno ya sifa, nikaandika mahali pake vitendo: alizaliwa, alifundisha, aliongoza, alirudi, alizikwa. Na jina la Mwalimu sikulitafsiri upesi. “Professeur” lafaa kwa mtu wa chuo kikuu au wa shule ya juu. “Instituteur” ndiye mwalimu wa shule ya watoto. Mwalimu Nyerere alifundisha Tabora na Pugu, shule za juu, hata hivyo jina alilopewa na watu ni lile lile waniitalo mimi na wenzangu wa shule za vijijini. Nikaamua kuliacha jina kama lilivyo, kisha kulieleza.

Nilipokwenda tena na wageni wengine, nilisimama pale pale nikasema maneno mafupi. Kwamba alizaliwa hapa mwaka 1922. Kwamba alikuwa mwalimu, na watu wakaendelea kumwita hivyo hata alipoongoza nchi. Kwamba mwaka 1985 aliuacha urais kwa hiari yake, akarudi hapa kijijini. Kwamba alifia London tarehe 14 Oktoba 1999, akaletwa nyumbani azikwe. Sikutia neno la sifa hata moja.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akavua kofia, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, “Moi aussi, j’étais instituteur.” Maana yake, mimi nami nilikuwa mwalimu wa watoto. Tukapeana mikono. Neno lile nililipima nikaona ni zito.

Walimu wenzangu, mwanafunzi wenu akitaka kumsifu mtu kwa lugha ya kigeni, au hata kwa lugha yake mwenyewe, mwambieni kwanza ataje aliyoyatenda mtu huyo. Jina la sifa laweza kukosea, likamgeuza mkuu kuwa mwimbaji au mashua. Vitendo vikisemwa kweli, msikilizaji ataitafuta sifa mwenyewe, naye hataisahau njiani.