Juu ya Càrn na Saobhaidhe

5 Juni, Strathdearn
Barabara ya umma inakomea karibu na Coignafearn, katika bonde la mto Findhorn. Kesho napanda Càrn na Saobhaidhe, mita 811. Milima hii ya Monadhliath haina vilele vilivyochongoka. Ni uwanda wa juu uliotuna hapa na pale. Mwaka 1891 Hugh Munro alichapisha orodha ya vilele vya Uskoti vinavyozidi futi 3,000, yaani mita 914, na mpaka leo wapandaji wengi huifuata. Mlima wangu huu haumo. Mama kaniuliza kwa simu, "Mwanangu, huko juu kuna nani?" Nikamjibu hakuna mtu. "Haya, Mungu akutangulie."

6 Juni, usiku
Saa nne za usiku na bado naandika bila taa.

Nilipoiacha njia ya magari, mboji ikaanza. Ni udongo mweusi wa mimea iliyokufa ikashindwa kuoza, kwa kuwa maji yameufungia hewa. Huongezeka kama milimita moja tu kwa mwaka. Mvua imeukatakata ukawa mifereji inayonipita kimo. Ukishuka humo huoni kitu ila kuta nyeusi na mbingu, na unategemea dira. Kwenye ukuta mmoja nilikuta mizizi ya miti, mahali ambapo leo hakuna mti hata mmoja. Nilisimama pale muda mrefu, mkono juu ya mzizi. Msitu mzima ulizikwa humu, na kaboni yake imetulia chini ya miguu yangu.

Kitwitwi wa dhahabu alinifuata akipiga mluzi wa sauti moja, ya huzuni. Bila shaka ana makinda. Nikaharakisha nimwache.

Kileleni pana rundo dogo la mawe. Mitambo ya umeme wa upepo ya Dunmaglass imesogea karibu mno.

7 Juni
Umeme wa upepo tunauhitaji, nami nautaka. Lakini mboji ikichimbwa hukauka, na ikikauka huiachia hewani ile kaboni iliyoitunza kwa maelfu ya miaka. Mitambo isijengwe juu ya mboji nene. Ila mlima usiotembelewa, kama huu, hukosa wa kuutetea. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inamruhusu kila mtu kupita huku, mradi asiharibu. Enyi mnaohesabu vilele vya Munro, tengeni siku moja mje huku.