Kipepeo wa Manjano

Tiketi yenyewe ilikuwa kipande cha karatasi kisichozidi kiganja, na juu yake nafasi tano za kugongwa mihuri. Inaitwa Seishun 18, yaani ujana wa miaka 18, ingawa dirishani hakuna anayekuuliza umri. Kiangazi cha 2015 niliinunua kwa yen 11,850. Siku zile mhuri mmoja ulikuwa siku moja: ulipanda treni za kawaida za JR, kampuni za reli za Japani, zile zinazosimama kila kituo, ukaenda utakako mpaka saa sita ya usiku. Shinkansen, treni za mwendo kasi, hapana. Mkisafiri wawili, mlikuwa mkigongewa mihuri miwili kwenye karatasi hiyo hiyo. Kwa mwanafunzi mwenye macho ya njaa na mfuko mwepesi, karatasi ile ilikuwa mali.

Nilikuwa nimepanga chumba Hachioji, magharibi mwa Tokyo, ghorofani kwa mama mmoja mjane wa miaka 78. Nilimwita Ooya-san, ndivyo wapangaji wanavyomwita mwenye nyumba. Yeye aliniita Tanzania-san, maana jina langu lilimshinda kulitamka. Nyumba yake ilinukia tatami, ile mikeka minene ya nyasi, na joto la mchana likiikolea ilinukia kama chumba cha bibi yangu kule Nansio, Ukerewe, siku anayosuka ukili. Asubuhi mvuke wa supu ya miso ulipanda ngazi kabla ya sauti yake kuniita. Nje nyenje wanalia tangu alfajiri, kelele kama za kitu kinachokaangwa. Aina mojawapo Wajapani wanaiita nyenje wa mafuta, na ukiisikiliza huna la kubisha.

Ooya-san hakuwa mtu wa Fuji wala wa mahekalu ya Kyoto. "Kule kuna watu," alisema, kama anayesema kule kuna tope. Alikuwa na bati la biskuti lililojaa vipande vya magazeti alivyokata miaka na miaka, vyote vya mahali ambapo jirani hawezi kukuuliza umekwenda lini. Jioni niliyomwonyesha tiketi alilifungua bati lile juu ya meza, akachambua vipande kama anayechambua mchele, akanisogezea kimoja. Picha ya jiwe. Jiwe lina macho mawili na mdomo, na limekasirika.

Basi mihuri miwili ya kwanza ilikuwa ya mawe. Tulipanda reli ya Hachiko asubuhi mapema, yeye na kofia yake ya nguo yenye ukingo mpana, mimi nimebeba chupa ya chai baridi ya shayiri na matonge ya wali yaliyofungwa mwani. Kutoka Komagawa kwenda mbele reli ile haina umeme. Unahamia treni ya dizeli, inayonguruma na kutikisika kama basi la kwetu. Niliupenda mtikisiko ule. Madirishani mashamba ya mpunga, makaburi, nguo zimeanikwa, bibi anapalilia vitunguu. Yorii tukashuka, tukalipia tiketi nyingine ya reli ya Chichibu, tukaenda mpaka Kagemori, tukatembea juani.

Makumbusho yale yanaitwa Chinsekikan, nyumba ya mawe ya ajabu, na yalifunguliwa 1990. Usifikirie jumba. Ni nyumba tu, ina rafu, na juu ya rafu mawe zaidi ya elfu moja, mengi yana sura za watu. Sharti ni moja: jiwe lisiwe limechongwa. Maji na wakati pekee ndivyo vilivyotoboa macho na kupasua midomo. Kuna jiwe la Elvis Presley, na ndilo wageni wanaloulizia, lakini mimi nilisimama sana mbele ya jiwe dogo la kijivu, pembeni, lenye mashavu yaliyojaa na mdomo wa kununa. Mjomba wangu mtupu, siku anayodaiwa.

Nilipogeuka kumwonyesha Ooya-san, nilimkuta upande wa pili wa chumba ameinama. Ameinamia jiwe, mikono imebana mapajani, kama Wajapani wanavyomsalimia mtu wa heshima. Akanyooka, akafuta jasho kwa kitambaa, akasema, "Mume wangu. Hata pale alikuwa hasikilizi." Tulicheka mpaka mama aliyekuwa akituongoza naye akacheka, bila kujua cha kuchekea.

Mhuri wa tatu niliutumia peke yangu, goti la Ooya-san lilikuwa limevimba. Nokogiriyama, mlima wa msumeno, ng'ambo ya ghuba ya Tokyo, upande wa Chiba. Ni mbali, na ngazi zake haziishi. Mlima wenyewe umekatwakatwa na wachimba mawe mpaka kuta zake zimesimama wima kama kuta za ngome, na pembeni kuna ulimi wa mwamba uliotokeza hewani. Unautambaa mpaka ncha na kuchungulia chini. Wanauita mahali pa kuchungulia jehanamu. Nilichungulia mara moja, ikatosha. Chini kidogo kuna Buddha wa mita 31 aliyechongwa ukutani mwa mwamba, na katika mapango mamia ya sanamu ndogo za mawe, wanafunzi wake, wengi wamekatwa vichwa zamani za chuki dhidi ya dini ya Buddha, karne ya 19. Wengine wamerudishiwa vichwa kwa saruji, na si kila kichwa kilirudi kwa mwenyewe. Nilikaa karibu nao nikala tonge langu. Kulikuwa na ubaridi wa jiwe na harufu ya ukungu, na chini kabisa meli zinapita polepole kama siafu.

Mahali pengine tulikwenda bila tiketi ile, pakiwa karibu. Hekaluni Gotokuji tulikwenda kuangalia paka: mamia ya paka weupe wa udongo, kila mmoja ameinua mkono wa kulia kama anayekuita, wamepangwa kwenye rafu na chini ya miti mpaka unaona haya kupita bila kuitikia. Ooya-san aliitikia.

Lakini safari iliyobadilisha kiangazi chote ilikuwa ya Meguro, nami nilikwenda peke yangu, Jumamosi moja ya mvua. Unateremka kilima kutoka kituoni, unavuka mto, unatembea kidogo, na pale katika jengo la kawaida kabisa la ofisi kuna makumbusho ya minyoo. Daktari mmoja, Satoru Kamegai, aliyaanzisha 1953. Kiingilio hakuna. Ndani ni vyumba viwili, kimoja juu ya kingine, vimejaa vijana waliokuja na wapenzi wao, jambo ambalo mpaka leo sijalielewa. Minyoo imelala katika chupa kama tambi. Juu kuna tegu wa mita 8.8 aliyetolewa kwa mtu mmoja aliyekula samaki mbichi, amekunjwa ndani ya kioo kama utepe wa fundi cherehani, na pembeni wametundika kamba ya urefu ule ule ili uishike mwenyewe. Watoto walikuwa wakijizungusha nayo wakipiga kelele.

Mimi nilisimama mahali pengine. Kwenye chupa ndogo, ndogo kuliko zote, kulikuwa na kitu chembamba kama uzi wa nguo, na chini yake jina nililolijua: Schistosoma. Kichocho. Nikaiona shule yetu Nansio, mstari wetu uani, mwalimu ameshika kijiti cha kutupima urefu ili ajue kila mtoto ameze vidonge vingapi. Vidonge vikubwa, vichungu, vinavyokwama kooni, na uji wa kusukumia. Jioni yake tulikuwa ziwani tena tunaogelea, wote, na kaka zetu wakubwa wakiwa mbele.

Usiku ule Ooya-san alikuwa akimenya pichi, na harufu ya pichi lililoiva ni kitu kinachojaa nyumba nzima. Nikamsimulia. Nilipolitaja neno la kwetu aliacha kumenya.

"Kichōchō?"

Kwa Kijapani *ki* ni manjano, na *chōchō* ni kipepeo. Alisikia kipepeo wa manjano. Nilipomweleza kuwa ni ugonjwa wa majini, unatoka kwa konokono, unapita kwenye ngozi, tumbo linavimba, alikaa kimya muda mrefu, maji ya pichi yakimdondoka kwenye kiganja. Kisha akasema, "Chihōbyō." Ugonjwa wa mahali pake. Ndivyo walivyouita kwao, maana waliujua kuwa ni wao, wa bonde lao la Kofu. Mwaka na nusu nimekaa katika nyumba yake, sikujua kuwa Ooya-san alizaliwa huko. Mama yake, akiwa msichana, alipelekwa mitaroni na vijiti vya kulia chakula na bakuli, kuokota konokono mmoja mmoja.

Mihuri miwili ya mwisho ilikuwa ya Kofu. Treni ya Chuo inapita mahandaki mengi, giza na nuru, giza na nuru, halafu karibu na Katsunuma inatoka mlimani na bonde lote linafunguka chini yako, mashamba ya zabibu mpaka macho yanapoishia, na milima imelizunguka kama ukingo wa sinia. Ooya-san alivua kofia.

Alinipeleka Showa, mji mdogo kusini-magharibi mwa Kofu, kwenye zahanati ya zamani ya mbao ya akina Sugiura, madaktari wawili, mkwe na mkwewe, waliopambana na ugonjwa ule. Sasa ni makumbusho. Sakafu inalia ukiikanyaga, na chumba cha kupimia kimeachwa kama daktari ametoka kidogo tu. Pale ndipo niliposikia habari za Sugiyama Naka, mkulima aliyekuwa akifa kwa tumbo lile mwaka 1897, akaacha neno kwamba maiti yake ipasuliwe, watafute. Walimpasua, wakaona, lakini chanzo chenyewe kilikuja kujulikana 1904, mtaalamu Katsurada Fujiro alipomkuta mnyoo ndani ya paka wa bonde hilo hilo. "Paka tena," alisema Ooya-san. Konokono alithibitishwa 1913. Mwisho wa ugonjwa ulitangazwa 1996.

Kilichonishika zaidi kilikuwa nje. Tulitembea kando ya mitaro ya mashamba, na kila mtaro, hata ule wa upana wa hatua moja, umesakafiwa kwa saruji. Mimi niliyesomea mambo ya maji nilikuwa nimeiona mitaro ya namna hiyo mara nyingi, nikadhani ni unadhifu wa Kijapani tu. Kumbe ni vita. Waliisakafia ili konokono akose tope la kuishi. Maji yalikwenda kasi, safi, bila jani. Ooya-san alisimama juu ya kidaraja, akaniambia kuwa alipokuwa mtoto hapa palikuwa na vimulimuli wengi hata ungeweza kusoma barua. Sidhani. Lakini vimulimuli nao walitaka tope na majani.

Jioni tulinunua zabibu za kijani, tukazila ndani ya treni, mbegu tukizitemea kwenye mfuko wa karatasi. Kwenye handaki moja refu, uso wake ukionekana kiooni karibu na wangu, aliniuliza kama kule kwetu kipepeo wa manjano bado yupo.

Nilimwambia yupo. Na mpaka leo, Nansio, yupo.