Jiwe Lisilopimwa kwa Kilo

Sisi tuliozaliwa Lubumbashi tunajua mawe kwa bei yake. Mtoto wa Katanga husikia habari za kilo na asilimia kabla hajajua kusoma: jiwe la kijani lina shaba, jeusi huenda lina kobalti, na kila depo ina mizani yake. Mimi nasoma lugha, si jiolojia, lakini kwa miaka miwili sasa Jumamosi zangu nyingi zinaishia kwenye kazi isiyohitaji mizani. Ninakata na kung'arisha mawe madogo: malakiti ya hapa kwetu na akiki ya Botswana. Siyauzi. Wenzangu wa darasani huniuliza faida yake ni nini. Nimeandika haya ili niwajibu, na pia kwa sababu kazi hii ilinifikisha kwenye jambo zito kuliko faida.

Ninachotengeneza kinaitwa kaboshoni. Neno limetoka Kifaransa, na ndani yake mna caboche, neno la zamani la kichwa. Ni jiwe lenye tumbo bapa na mgongo wa mviringo, mfano wa yai lililokatwa nusu kwa urefu. Halina zile pembe nyingi za almasi ya pete. Sisi wa idara ya lugha hatuwezi kushika jiwe bila kuuliza jina lake, basi niliuliza. Akiki tumeipokea kutoka Kiarabu. Yaspi, ambayo wasomaji wa Biblia wanaijua, imetufikia kwa njia ya Kigiriki. Mawe haya mawili ni ndugu: yote ni silika yenye chembe ndogo mno. Akiki ina mistari na hupitisha mwanga kidogo, yaspi haipitishi. Wagiriki waliita akiki kwa jina la mto Achates wa Sicily, na malakiti wakaipa jina la mmea, kwa ajili ya rangi ya majani yake. Mto na jani: hakuna jina hata moja hapo lililotokana na bei.

Aliyenifundisha ni mjomba wangu, ndugu wa mama, anayeishi Katuba. Tangu kabla sijazaliwa yeye hutengeneza vitu vya malakiti kwenye lupango lake: mayai, tembo, mamba, visahani vya majivu ya sigara. Jambo la kwanza alilonionyesha ni kutazama kabla ya kukata. Malakiti hukua tabaka juu ya tabaka, kama vitunguu vilivyobanana. Ukilikata jiwe kwa kufuata urefu wake unapata mistari. Ukilikata kwa kukingama unapata duara ndani ya duara, kama jicho. Jiwe ni lilelile, ila msumeno ukishapita huwezi kurudi nyuma. Mjomba huweza kukaa na jiwe mkononi muda wa kupikia bukari, akiligeuzageuza, kabla hajawasha mashine.

Hatua zinazofuata ni hizi. Unakata kipande chembamba, kama milimita 6 au 7. Unachora umbo kwa msumari wa aluminiamu, kwa kuwa wino hufutika kwenye maji. Unakiegemeza kipande karibu na mbabula kipate joto polepole, maana malakiti ikishtuliwa na moto hupasuka, halafu unakigandisha kwenye kijiti kwa lakiri, ile nta ya kupigia mihuri. Kijiti ndicho mkono wako. Kisha unasaga ukingo, unapandisha mgongo, na unaanza kulainisha kwa msasa: namba 220, 400, 600, 1200. Kila namba ina kazi moja tu, kuondoa mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Ukiruka namba moja, mikwaruzo yake itakungoja mwishoni, siku ya kung'arisha. Malakiti humalizikia kwenye ngozi yenye unga laini wa oksidi ya aluminiamu. Akiki hupenda oksidi ya seriamu, unga uleule unaong'arisha vioo.

Akiki ililetwa na shemeji yangu, dereva wa lori anayepita Kazungula na Kasumbalesa. Aliniletea mfuko mdogo wa mawe ya kijivu, mabaya kwa nje kama viazi vilivyokauka. Ndani yalikuwa na mistari ya kijivu, nyeupe na waridi, myembamba kama kurasa za kitabu. Katika kipimo cha ugumu ambacho Friedrich Mohs alikitunga mwaka 1812, malakiti iko kati ya 3.5 na 4, na akiki kati ya 6.5 na 7. Maana yake ni rahisi: kisu cha jikoni kinaikwaruza malakiti, lakini akiki inakikwaruza kisu, na kioo pia. Kaboshoni ya malakiti naimaliza kwa mchana mmoja. Ya akiki imewahi kunichukua Jumamosi tatu, hasa umeme unapokatika na kunilazimu kusaga kwa mkono juu ya kioo kinene.

Jambo zito nililolitaja ni vumbi. Vumbi la malakiti ni shaba; zaidi ya nusu ya uzito wa jiwe hilo ni shaba tupu, na si kitu cha kuvuta puani. Vumbi la akiki ni baya zaidi, kwa sababu silika laini huingia mpaka ndani ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Idar-Oberstein, mji wa Ujerumani uliosifika kwa akiki kwa karne nyingi, una historia yake. Wasagaji wa huko walifanya kazi wakiwa wamelala kifudifudi mbele ya mawe makubwa ya kusagia yaliyozungushwa na maji ya mto, na uso wa mtu ulikuwa karibu kabisa na vumbi. Katika karne ya 19, akiki ya kwao ilipopungua, wenzao waliohamia Brazili waliwapelekea nyingine. Jiwe lilibadilika, na kifua kikabaki kilekile.

Mjomba anakohoa kila asubuhi. Alikuwa anasaga kavu. Siku moja nilimwambia, kwa adabu anayostahili:

"Mjomba, nakuomba tuweke beseni la maji. Jiwe lililolowa halitoi vumbi."

"Mpwa wangu, maji ni mwongo," akanijibu. "Jiwe likilowa linang'aa lote, kila mkwaruzo unajificha. Unafurahi, unaliweka juani, likikauka unalia."

Hapo alisema kweli, na kila anayesaga mawe anaijua kweli hiyo. Nikamwambia basi tusage kwa maji, tufute kwa kitambaa, tungoje dakika moja likauke, ndipo tutazame.

"Dakika moja kwa kila namba ya msasa," akasema, "mara nne, mara tembo ishirini. Nani atanunua unga wa bukari?"

Sikuwa na jibu. Mimi dakika hiyo ninayo, kwa kuwa hakuna anayeningoja. Jiwe langu likimalizika leo au mwezi ujao, chakula cha jioni ni kilekile. Yeye ana mteja, na mteja ana bei. Tunatumia mikono ileile, msasa uleule na jiwe lilelile, lakini kinachoitwa burudani kwangu kimenunuliwa kwa muda ambao yeye hana. Usalama wa mapafu yangu uko ndani ya dakika hiyo.

Nililijua neno silikosisi, nikalitamka kwa ufasaha wote wa mwanafunzi wa lugha, na halikumsogeza. Kilichomsogeza ni msasa wenyewe. Msasa mkavu huziba upesi kwa unga wa jiwe na kutupwa. Ule wa maji, wanaoutumia wapaka rangi za magari, hujisafisha kila unapouchovya, na hudumu mara kadhaa zaidi. Nilimwachia karatasi mbili za namba 400, moja ya kila aina, nikaenda zangu chuoni. Jumamosi iliyofuata beseni lilikuwa chini ya meza, na mjomba alikuwa akinieleza faida ya maji kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiyapinga. Nikamsikiliza hadi mwisho.

Bado hupitisha namba ya mwisho kavu, ili aone. Ila sasa hujifunga barakoa, na lile tope la kijani tunalifuta kabla halijakauka, kwa sababu tope likikauka ni vumbi tena, na watoto wanacheza uani. Kifua chake hakijapona, na daktari hakumwahidi hivyo.

Wenzangu, faida mnayoiuliza ni hiyo. Nimejua kulitazama jiwe la nyumbani kwa muda mrefu kuliko mizani inavyolitazama. Na nimejua kwamba tembo wa kijani anayeuzwa barabarani, ambaye wageni huomba apunguziwe bei, ana ndani yake dakika nyingi ambazo mtu fulani hakuweza kuzingoja. Ukimnunua, usimpunguzie sana. Na ukitaka kujaribu kusaga mwenyewe, njoo Katuba Jumamosi. Ulete kitambaa, maana beseni lipo.