Kutoka Githu Hadi Westi: Muda Wako Unaliwa Steji

Kila wiki kuna mtu ananiandikia: "Buda, nimepata kazi Westi na naishi Githurai. Nipitie wapi ndio nisichelewe?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hivyo leo naandika mara moja. Mwishoni kuna maneno ya mabosi pia. Wasijifanye hawajaona.

Kwa wenye hawanijui, mimi ni wa Githurai 45. Mtaa wetu jina lake ni namba ya gari, 44 upande ule na 45 upande huu, kwa hivyo mambo ya matatu tumezaliwa nayo. Chuo niliachia mwaka wa pili karo ilipokwama. Siku hizi napiga video, na asubuhi sita kwa wiki niko Westlands napiga picha za bidhaa za duka fulani. Saa mbili kamili unatakiwa uwe ndani. Ukifika na dakika kumi juu, unakatwa mia tatu. Hiyo mia tatu ndiyo nauli yangu ya siku, kwenda na kurudi. Yaani ukichelewa, umelipa nauli mara mbili.

Ndio nikaamua kufanya hesabu. Mwezi mzima nilikuwa naandika kwa simu dakika za kila hatua: kutoka geti hadi steji, kungoja gari ijae, barabarani, kutembea tao, kungoja gari ya pili. Nilidhani jam ya Thika Road ndiyo mwizi mkubwa. Kumbe la. Kuna asubuhi nilikaa dakika arobaini barabarani, na zingine arobaini nimekaa kwa gari ambayo haisongi, mara ya kwanza Githu na mara ya pili tao.

Hii haijaletwa na ubaya wa makanga. Matatu haina ratiba. Mwenye gari anataka hesabu yake jioni, mafuta ni ya kununuliwa, vijana wa steji wanataka chao, na kiti kikibaki wazi hakuna mtu wa kukilipia. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe watu bila zile leseni mabasi yalihitaji, na tangu hapo usafiri wa huu mji umeendeshwa hivyo: gari inatoka ikijaa, haitoki saa ikifika. Ukishaelewa hiyo, kila kitu kingine kinaeleweka.

Sasa tuingie kwa njia yenyewe.

Moja, usiwe wa kwanza kuingia. Gari ya watu 33 ikiwa tupu, wewe ukikaa unangoja wengine 32. Najua nganya mpya ina skrini, ina besi, ina taa za buluu. Iache. Tafuta ile gari mzee imebakisha viti viwili, hata kama kiti chenyewe kimeraruka. Hiyo ndiyo inatoka.

Mbili, kabla ya saa kumi na mbili na nusu, usiende steji kabisa. Nenda barabarani ungoje gari za kupita, zenye zimetoka Juja, Ruiru ama Kahawa. Kuna mtu hushukia Githu, na kiti chake ndicho chako. Gari ya kupita haingoji kujaa, ishajaa. Baada ya hiyo saa zinapita zimefunga milango, basi rudi steji upange laini.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, usifike tao kama huendi tao. Ukiangalia ramani, Thika Road na Westlands ziko karibu. Lakini gari zetu nyingi zimepangwa kama vijiti vya gurudumu la baiskeli, zote zinaishia katikati. Unaingizwa tao ndio utolewe tao. Mimi hushukia Ngara, nashika Kipande Road kwa miguu hadi Museum Hill, hapo napata gari za Kangemi na za Westi zikipita. Ni kama robo saa ya kutembea. Kwa daftari langu hiyo peke yake inaniokolea kama dakika ishirini na tano kila asubuhi, kwa sababu naruka foleni ya kuingia tao, naruka kukanyagana huko ndani, na naruka kungoja gari ya pili ijae. Mara sita kwa wiki, hiyo ni saa mbili na nusu. Kuna video nzima naweza kuhariri kwa huo muda.

Nne, treni. Ile ya Ruiru inapita Githurai, Mwiki, Dandora na Makadara kabla ifike stesheni ya tao. Treni haijui jam, na tofauti na matatu, ina saa yake. Kama kazi yako iko tao ama Industrial Area, usiidharau. Kwa Westi hainisaidii, kwa maana inanimwaga upande wa Haile Selassie na bado nina mji mzima wa kuvuka.

Tano, nduthi. Ukishuka Pangani ukachukua nduthi kupitia Parklands, hakuna kitu itakushinda. Lakini mimi huitishwa mia mbili. Mara siku ishirini na nne kwa mwezi, hiyo ni elfu nne mia nane. Hiyo nimeweka kama kizima moto: iko, lakini siigusi mpaka nyumba iungue.

Kuna mtu atasema, "Si uangalie tu ramani kwa simu?" Angalia, ni nzuri. Na ujue imetoka wapi. Zamani njia za matatu zilikuwa kichwani mwa madere na abiria tu. Halafu watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa MIT na Columbia huko Marekani wakafanya mradi ulioitwa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda gari wakiwa na simu, wakarekodi njia na steji, na mwaka wa 2014 ramani ikatoka, zaidi ya njia 130. Mwaka uliofuata zikaingia kwa Google Maps. Ni kazi ya heshima. Lakini ramani inakuonyesha gari inapita wapi. Haijui kama imejaa. Haijui kwamba matone mawili yakianguka nauli inapanda kutoka hamsini hadi soo, na yakiwa kumi inapanda tena. Hiyo unaijua kwa kuuliza mama wa mandazi pale steji, maana yeye amekaa hapo tangu saa kumi na moja akihesabu gari.

Sasa nifike kwa kile kilinifanya niandike hii.

Dada yangu mdogo naye alipata kazi Westi, saluni. Nikampa njia yangu kama zawadi: shukia Ngara, kata Kipande Road, umefika. Akaniangalia tu. Akaniuliza, "Hiyo Kipande Road saa kumi na mbili kasoro, giza bado, nikitembea pekee yangu, unaniona nikifika?" Yeye lazima awahi zaidi yangu, kufagia na kuchemsha maji kabla wateja waje. Kwa hivyo anapitia tao, kwenye taa na watu, na analipa kwa dakika ishirini na tano zile zile mimi naokoa. Anaamka saa kumi ndio afike saa moja. Sote tunatoka nyumba moja, mlango mmoja, tunaenda mtaa mmoja. Njia yangu ya haraka si njia yake.

Tangu siku hiyo, zile video za "amka saa kumi kama mamilionea" zinanichoma. Huku kwetu saa kumi watu washaamka kitambo. Mama wa nyumba ya chini anaamka saa tisa na nusu, na hajawahi kuwa milionea. Anaamka kwa sababu hana soo ya asubuhi. Anatoka mapema nauli ikiwa bado hamsini, na pesa ikiisha katikati ya mwezi anatembea. Muda katika huu mji unauzwa. Mwenye gari lake anaununua, mwenye nduthi anaununua, na mwenye hana pesa analipa kwa usingizi wake.

Basi mabosi, haya ndiyo yenu. Kabla umkate mtu mia tatu, muulize anaishi wapi na amepanda gari ngapi. Huyo mwenye amefika saa mbili na dakika kumi kutoka Githu, Kayole ama Rongai, ameanza kazi yenu kabla nyinyi mgeuke kitandani. Kama kazi inaweza kuanza saa tatu, ianze saa tatu. Hiyo haigharimu kitu, na pengine atakuja akiwa macho. Na wewe uliye kwa intavyuu ukiulizwa, "Utaweza kufika kwa wakati?", uliza nawe kama kuna nafasi ya kuingia saa tatu na kutoka saa moja jioni. Mimi niliuliza baada ya kuonyesha daftari langu. Nimepewa siku mbili kwa wiki. Si nyingi, lakini hizo siku mbili nalala mpaka kumi na mbili.

Kwa wenzangu: usiibane njia yako kama siri ya kabila. Andika hapo chini unatoka wapi, unaenda wapi, unashukia wapi, na saa ngapi gari huanza kukaa. Na ukiandika, useme pia kama ni njia ya msichana kutembea peke yake kukiwa na giza. Nitakusanya zote nizipange mtaa kwa mtaa. Tukianza na Thika Road, basi Jogoo Road mjipange, nyinyi ndio mnafuata.