Gesi Haina Rangi, Lakini Ina Alama za Vidole

Wasee, leo siasa tuiweke kando. Nataka tuongee kuhusu gesi, na kwa nini pua yako si mita.

Huku Ndhiwa ng'ombe hawakosekani, na kuna watu wamejenga mtambo wa bayogesi. Baba mdogo ni mmoja wao. Mwaka jana moto wa jiko lake ulianza kufifia. Fundi akaja, akanusa bomba, akasema gesi iko sawa, akalipwa, akaenda zake. Moto ukabaki vile vile.

Hiyo iliniuma, bana. Methani, yaani ile gesi inayowaka, haina harufu. Kaboni dayoksaidi pia haina. Harufu ya yai bovu unayoisikia kwa bayogesi ni haidrojeni salfaidi, na hiyo huwa kidogo tu. Swali la maana lilikuwa: humu ndani methani ni ngapi? Mtambo ukiwa na afya, huwa kati ya asilimia 50 na 70. Pua haiwezi kukuambia hayo. Vile vile haiwezi kukuonya kuhusu kaboni monoksaidi, ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani.

Mwanga unaweza. Elekeza rimoti ya TV kwa kamera ya simu, bonyeza: simu nyingi zitakuonyesha taa ambayo macho yako hayaioni. Hiyo ni infraredi ya karibu. Kila gesi hunyonya sehemu zake za mwanga huo na kuacha zingine zipite. Methani hunyonya karibu na nanomita 1,650, na mashine nyingi za leza za kutafuta methani inayovuja hutumia hapo hapo. Kaboni dayoksaidi iko karibu na 1,570 na 2,000. Mvuke wa maji, 1,400 na 1,900. Nitrojeni, asilimia 78 ya hewa, karibu haishiki chochote. Hizo ndizo alama za vidole. Na kama polisi, ukishachukua alama lazima uwe na faili ya kulinganisha.

Hapo ndipo watu hukwama. Ukitafuta utakutana haraka na NIST WebBook ya Marekani. Ni bure na ni nzuri, lakini grafu zake nyingi za infraredi huishia mawimbi 4,000 kwa sentimita. Gawanya 10,000,000 kwa namba hiyo upate nanomita: 2,500. Infraredi ya karibu iko upande wa pili wa hapo. Yaani barabara inaisha kabla ufike kwako.

Faili unayotaka inaitwa HITRAN, inayotunzwa na kituo cha Harvard na Smithsonian. Kujisajili ni bure. Usitarajie picha tu. Ni majedwali ya mistari ya gesi, kila mstari na mahali pake na nguvu yake. HAPI, programu ya Python, itakugeuzia kuwa grafu. Kama kodi si mambo yako, SpectraPlot hukuchorea moja kwa moja.

Sasa shika hii: nguvu za mistari ya HITRAN zimeandikwa kwa joto la Kelvin 296, karibu digrii 23. Halafu Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya bahari, na Ndhiwa iko juu zaidi ya ziwa. Shinikizo la hewa yetu ni dogo kuliko la Mombasa, na shinikizo ndilo hupanua au kubana mistari hiyo. Kwa hivyo weka joto na shinikizo la kwenu kabla ya kuchora. Ukinakili grafu ya mtu wa pwani, unapima kwa hewa ya pwani.

Na mtu akikuuzia programu ya simu eti inaona methani kwa kamera, kataa. Kamera ya simu huwa kipofu kuanzia karibu nanomita 1,100, na alama ya methani tuliyoitaja iko mbali zaidi ya hapo.

Maoni yangu ni rahisi. Hizi namba hazijafichwa, na bando ya siku moja inatosha kuzifikia. Kwa hivyo fundi au muuzaji yeyote wa mashine ya kupima gesi aulizwe kabla ya kulipwa: inapima kwa nanomita ngapi, na umelinganisha na nini? Akikosa jibu, pesa yako ibaki mfukoni.